Mhariri, wanandoa wasidanganywe: Italia ya baiskeli iko bonde la Po, si Toscana

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari uliwashauri wanandoa wanaotaka kuiona Italia wakodi gari Roma, wapande nalo vilima vya Toscana, walale hoteli yenye bwawa la kuogelea, kisha wamalizie Venice. Mwandishi akaongeza kwamba baiskeli huko ni za vijana na za watu wa mashindano. Niliposoma nilimpa mume wangu naye asome, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Sisi wawili ni wastaafu. Mimi nina goti linalolalamika tangu nikiwa kazini, yeye ana kitambi ambacho daktari wake amekwisha kukikatia tamaa, na juzijuzi tumerudi kutoka Italia, tulikokwenda kwa baiskeli kuanzia Ziwa Garda hadi Ravenna, karibu na bahari ya Adriatiki. Chombo pekee cha barabarani tulichopanda ni basi la kutoka uwanja wa ndege.

Nina jambo moja la kuwaambia wasomaji wenu, na naomba nafasi nilieleze kwa kirefu. Anayetaka Italia ya baiskeli aachane na Toscana. Aende bonde la mto Po.

Toscana sikatai, ni nzuri kwa picha. Lakini tazama hizo picha vizuri: karibu kila mji umekaa juu ya kilele. San Gimignano uko juu, Volterra uko juu, Montepulciano uko juu. Walijenga hivyo ili kujihami na majirani zao, na leo mwendesha baiskeli analipa gharama za vita vile kwa mapaja yake. Bonde la Po ni kinyume chake. Mto wenyewe una kilomita 652, ndio mrefu kuliko yote Italia, unatoka kwenye milima ya Alps mpakani mwa Ufaransa na kuteremka mashariki hadi baharini, na umetandaza udongo wake pande zote mpaka nchi imekuwa bapa. Mtu wa Tanga kama mimi, niliyekulia mji ambao baiskeli ni usafiri wa kila siku, nilijiona niko nyumbani siku ya kwanza tu.

Kabla ya raha kuna makaratasi. Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Italia na nchi nyingine nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni yuro 90, na lazima uwe na bima ya safari inayolipia matibabu hadi angalau yuro 30,000. Sisi tuna binti anayesoma Bologna, barua yake ilisaidia, pamoja na taarifa za benki na za pensheni. Ukilazimika kuifupisha barua hii, Mhariri, kata hapa. Habari za chakula usiziguse.

Baiskeli tulikodi Bologna. Yangu ilikuwa ya kawaida, ya kukaa wima, yenye gia chache, kerieri nyuma na mikoba miwili ya turubai ya kuning'inia pembeni. Mume wangu, Baba Zuhura, alipoingia dukani alikwenda moja kwa moja upande wa zile za betri, kama mtu aliyeagizwa. Nilimwambia huo ni udanganyifu. Akanieleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusoma, kwamba kwa sheria za Ulaya mota ya namna ile inakusaidia tu ukiwa unakanyaga, na ukifika kilomita 25 kwa saa inajikata yenyewe. Sawa. Ila uzito wake hakuutaja, nao tuliujua kituo cha treni.

Maana siri ya safari yetu ni hiyo: baiskeli na treni. Si zile treni za kasi. Ni treni za mkoa, zinazosimama vituo vyote, zenye mchoro wa baiskeli kwenye mlango wa behewa. Baiskeli inakatiwa tiketi yake ya nyongeza; sisi tulilipa yuro 3.50 kwa kila moja, na ilitumika kutwa nzima. Tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda, vinginevyo kondakta hatakuwa na mazungumzo na wewe. Mabehewa mapya mlango uko sawa na jukwaa. Ya zamani yana ngazi, na kuipandisha baiskeli ya betri kwenye ngazi zile kunataka watu wawili na ndoa imara.

Tulishuka Peschiera del Garda, pale mto Mincio unapotoka ziwani. Kuanzia hapo kuna njia ya baiskeli ya kilomita arobaini na kidogo hadi Mantova, lami, hakuna magari, mto uko pembeni yako karibu muda wote. Huhitaji ramani. Njiani kuna kijiji cha Borghetto chenye magurudumu ya vinu vya maji, na juu yake daraja kubwa la mawe ambalo Gian Galeazzo Visconti, mtawala wa Milan, alilijenga mwaka 1393. Watalii wa mabasi walikuwa wamejaa hapo wakila aiskrimu. Tukapita. Nusu saa baadaye tulikuwa peke yetu na korongo mmoja aliyesimama kwenye maji, asiyejishughulisha na sisi hata kidogo.

Mantova unaingia kwa kuvuka ziwa. Mji umezungukwa na maji pande tatu, maziwa yaliyochimbwa na kuzuiwa na mhandisi Alberto Pitentino karne ya 12 ili kuulinda mji na mafuriko ya Mincio. Familia ya Gonzaga ilitawala hapo kuanzia mwaka 1328 hadi 1707. Kasri yao ina vyumba vingi mno, na mimi si mtu wa makasri. Miguu ilikuwa imechoka, nilikuwa natafuta kiti. Ila kuna chumba kimoja wanakiita Chumba cha Wanandoa, alichokichora Andrea Mantegna na kukimaliza mwaka 1474. Muda wa kukaa humo ni mfupi, kwa hiyo watu wote huingia macho yakiwa kwenye ukuta, wakimtafuta Ludovico Gonzaga na mkewe Barbara.

Mimi niliangalia juu. Katikati ya dari amechora tundu la duara, kama vile paa limetobolewa na mbingu inaonekana. Watoto wenye mabawa wanachungulia, yuko tausi, kuna pipa lenye mti lililoegeshwa kwenye ufito mmoja utadhani litatuangukia, na wanawake wameinama ukingoni wakitutazama sisi tulio chini. Mmoja wao ni mweusi. Mweusi wa kwetu, si wa kubahatisha, kichwani amejifunga kitambaa chenye mistari, na uso wake umetulia kuliko nyuso zote mle ndani. Ukutani wenye nyumba wanajulikana kwa majina, hata mbwa wao anajulikana. Yeye hatajwi jina. Baba Zuhura alinishika mkono tukasimama tukimtazama mpaka muda ukaisha, naye akitutazama. Shingo iliniuma hadi jioni. Mwandishi wenu aliandika kwamba baada ya Florence hakuna cha kuona mpaka Venice. Aende akasimame chini ya yule mama.

Baada ya Mantova tulifuata Po wenyewe, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wanisikilize. Mto ule unazuiwa na matuta ya udongo kila upande, marefu, yamepandwa nyasi, na juu ya tuta kuna njia. Ndiyo barabara yako. Kushoto unaona mto na mashamba ya miti ya mipopla iliyopangwa mistari iliyonyooka, kulia unaona nchi ya watu, lakini unaiona kutoka juu: unapita sawa na madirisha ya ghorofani. Mama mmoja alikuwa anakunja shuka chumbani kwake, sisi tunapita nje kwenye usawa wa kifua chake, akainua kichwa, akatusalimu, akaendelea na mkunjo wake. Mashamba yako chini kabisa. Hapo ndipo unapoelewa kwamba mto ukijaa, maji husimama juu kuliko nyumba, na kinachowatenganisha watu na maji ni udongo huo unaoukanyaga.

Novemba 14, 1951, upande wa pili wa mto, mahali panapoitwa Occhiobello karibu na Ferrara, tuta lilivunjika. Eneo zima la Polesine lilizama, watu wapatao mia walikufa, na maelfu kwa maelfu walihama wasirudi tena. Wazee wa vijiji vile bado wanaisimulia. Binti yetu alitutafsiria kwa simu maneno ya mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa wake, aliyetuuliza kama kwetu kuna mto kama huu. Baba Zuhura akamwambia upo Pangani. Mzee akauliza unafurika? Tukasema ndiyo. Akatikisa kichwa na kwenda zake, ameridhika.

Tulilala San Benedetto Po, mji mdogo wenye abasia, yaani nyumba ya watawa, kubwa kupita kiasi, iliyoanzishwa mwaka 1007. Kwenye baa ya uwanjani wanaume wa umri wetu walikuwa wanasoma gazeti la rangi ya waridi. Mhariri, hili linakuhusu. Gazeti hilo, La Gazzetta dello Sport, ndilo lililoanzisha mashindano ya baiskeli ya Giro d'Italia mwaka 1909, na nia kubwa ilikuwa kuuza magazeti. Mwaka 1931 wakaamua anayeongoza avae jezi ya waridi, rangi ya karatasi yao. Mtu wa kwanza kuivaa alikuwa Learco Guerra, mwenyeji wa huko huko mkoa wa Mantova, aliyeshinda hatua ya kwanza, yaani mbio za siku ya kwanza, iliyotoka Milan na kuishia mjini kwao. Ukitaja jina lake kwenye baa ile unaletewa kahawa ambayo hukuagiza.

Sisi hatukuhitaji hata kumtaja. Baba Zuhura aliposhuka tu kwenye baiskeli, jasho linamtiririka, mmoja wao alipiga kelele, "Girmay!" Baa nzima ikacheka. Biniam Girmay ni yule kijana wa Eritrea ambaye Mei 2022 alishinda hatua ya Giro iliyoishia Jesi, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano makubwa ya namna ile, halafu jukwaani kizibo cha chupa kikamruka jichoni. Mume wangu akainua mikono juu kama mshindi. Hakuwaonyesha betri.

Kwa upande wangu nilivutiwa zaidi na Alfonsina Strada, mzaliwa wa mkoa jirani wa Emilia, binti wa wakulima, aliyekimbia Giro na wanaume mwaka 1924. Inasimuliwa kwamba siku ya mvua kubwa usukani wake ulivunjika, akafungiwa mpini wa ufagio badala yake, akaendelea. Alichelewa kupita muda uliowekwa, akatolewa kwenye msimamo, lakini aliruhusiwa kuendelea, akafika Milan wakati wanaume wengi walikwishakuacha. Nilipokuwa msichana niliambiwa Phoenix ya kaka yangu si ya wasichana. Niliiendesha usiku.

Sasa nisionekane nauza tiketi. Bonde la Po lina taabu zake. Njia ya tuta mahali pengine inakatika bila taarifa na kukutupa kwenye barabara ya malori, na hapo nilimsikia Baba Zuhura akisoma dua kwa sauti. Sheria ya Italia, nje ya miji, inawataka waendesha baiskeli waende mmoja nyuma ya mwingine, kwa hiyo mke na mume hawaruhusiwi kwenda sambamba wakipiga soga barabarani. Soga ziwe za kwenye njia za baiskeli. Usiku nje ya mji lazima uvae kizibao kinachong'aa, na taa na kengele unatakiwa uwe navyo. Kisha kuna upepo. Nchi bapa haina mteremko wa kukupumzisha, na upepo wa mashariki ukianza unapigana nao mpaka jioni. Kuna mahali hewa inanuka mabanda ya nguruwe kilomita nzima. Na mchana saa nane jikoni hufungwa. Ukifika mgahawani saa nane na nusu, hata ulie, utapewa kahawa na biskuti.

Nguruwe wananileta kwenye chakula, na hapa Waislamu wenzangu wasome polepole. Emilia ndiyo nchi ya nguruwe. Nyama zao maarufu karibu zote ni za nguruwe, hilo linajulikana na linaepukika. Kisichojulikana ni mafuta. Yanaitwa strutto, ni mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa, na yamo kwenye vitu usivyovidhania. Mkate wa Ferrara, ule mzuri wenye pembe nne zilizosokotwa, una strutto. Chapati yao ya Romagna, piadina, kwa asili ina strutto, ingawa vibanda vingi sasa vina ya mafuta ya zeituni ukiomba. Keki ngumu ya lozi ya Mantova, wengine hutumia siagi, wengine strutto. Kwa hiyo neno la kwanza la Kitaliano nililojifunza baada ya salamu ni hilo, na nililitamka katika kila duka la mkate nikiwa nimekunja uso. Muuzaji mmoja wa Ferrara, mama wa makamo, alinielewa mara moja. Alipita kwenye rafu yake mkate baada ya mkate akinionyeshea kidole: huu ndiyo, huu ndiyo, huu hapana. Akanifungia ule wa hapana, na kesho yake aliponiona dirishani aliunyanyua kabla sijaingia.

Kinachookoa ni boga. Mantova na Ferrara zote mbili hutengeneza tambi zilizojazwa boga lililopondwa. Mantova huchanganya na biskuti za lozi na matunda yaliyowekwa kwenye sharubati ya haradali, ladha yake tamu na kali kwa pamoja, na huletwa na siagi iliyochemshwa na majani ya seji. Waambie wasikutilie mchuzi wa nyama. Nilikula hizo Mantova, nikala za Ferrara, na kama mtu anayejua boga la nazi nasema za Mantova ni bora. Baba Zuhura anasema za Ferrara. Hatujapatana.

Ferrara wenyewe wanajiita mji wa baiskeli, na si maneno. Kaa kwenye kona karibu na ile ngome yao yenye handaki la maji saa moja na nusu asubuhi uone. Bibi wa miaka themanini anapita na vitunguu vya majani kwenye kikapu. Anafuata bwana wa suti na tai, koti limefungwa vifungo, simu sikioni. Mama anamwendesha mtoto mbele na mwingine nyuma, na mvua ikianza wote wanafungua miavuli huku mkono mmoja uko kwenye usukani. Baiskeli zao ni kuukuu, zina kutu, minyororo inalia. Za maana huibwa, walituonya, kwa hiyo zetu tulizifunga kwa makufuli mawili mawili. Hakuna aliyevaa nguo za mbio. Hakuna aliyegeuka kumtazama mwanamke mwenye ushungi kwenye baiskeli, na mimi ambaye niliondoka nyumbani nikiwa nimejiandaa kutazamwa nilijikuta karibu nimevunjika moyo.

Kuta za zamani za Ferrara zimebaki karibu zote, kilomita tisa hivi, na juu yake ni bustani na njia ya vumbi chini ya miti. Tulizunguka jioni, mmoja pembeni ya mwenzake, kwa kuwa pale mjini sheria inaturuhusu. Ipo pia nyumba inayoitwa Kasri la Almasi, iliyoanza kujengwa mwaka 1493, ukuta wake umepangwa mawe ya marumaru zaidi ya 8,000, kila moja limechongwa ncha. Jua likiwa chini kila jiwe lina upande wa mwanga na upande wa giza. Niliweka kiganja kwenye ncha moja ya chini, imelainishwa na mikono ya watu.

Kutoka Ferrara tulifuata ukingo wa kulia wa Po kuelekea delta, tukapita ngome ya Mesola, tukakata kusini hadi abasia ya Pomposa yenye mnara wa mita 48, kisha Comacchio. Mchana tulisali juu ya nyasi za tuta. Kibla haikuwa shida: mto unakwenda mashariki, unageuka kidogo kulia, basi.

Comacchio ni mji wa mifereji midogo na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Mkunga wao huchomwa kwenye makaa au huwekwa kwenye siki, na sisi Washafi hatuna tatizo naye. Lakini kilichonikaa moyoni huko ni mbu. Nimefanya kazi maabara za hospitali maisha yangu yote, kazi yangu ilikuwa kuinamia hadubini nikitafuta vimelea vya malaria kwenye damu za watoto. Jua lilipozama Comacchio nikasikia mlio ule ule sikioni, mkono ukaenda wenyewe kutafuta chandarua. Hakuna chandarua. Delta ile ilikuwa nchi ya malaria kwa karne nyingi. Mshairi Dante alipita kwenye vinamasi vile akitoka kwenye ujumbe Venice mwaka 1321, akafika Ravenna na homa, akafa Septemba. Inaaminika ilikuwa malaria. Mwaka 1898 Mwitaliano, Giovanni Battista Grassi, na wenzake ndio waliothibitisha kwamba malaria ya binadamu inaenezwa na mbu wa anofelesi. Wakakausha vinamasi kwa pampu, ardhi ambayo leo iko chini ya usawa wa bahari na inalimwa, wakagawa kwinini, baada ya vita kuu ya pili wakapuliza DDT nyumba kwa nyumba, na mwaka 1970 Shirika la Afya Duniani likaitangaza Italia kuwa nchi isiyo na malaria. Mbu wamebaki. Wananiuma mimi na hakuna kinachotokea. Nilikaa kwenye daraja nikijikuna na nikakasirika, Mhariri, na nilijua nakasirikia nini.

Siku ya mwisho ilikuwa nzuri kuliko zote. Kati ya mto Reno na mabwawa ya chumvi ya Comacchio kuna tuta jembamba, maji kulia na maji kushoto, flamingo wamesimama kwa mamia mbali kidogo. Mwisho wake, Sant'Alberto, unavuka Reno kwa pantoni inayojivuta kwenye waya. Kwa aliyezoea pantoni ya Pangani, hii ni mtoto mchanga: magari machache, baiskeli zetu, bibi mmoja na mbwa wake. Nahodha alikusanya sarafu, akabonyeza kitufe, na kabla Baba Zuhura hajamaliza kupiga picha tukawa ng'ambo. Akataka turudi na kuvuka tena. Tulirudi.

Ravenna wasomaji wataisoma kwingine. Nitataja tu dari ya kaburi la Galla Placidia, samawati iliyojaa nyota za vipande vya kioo, na taa ya mafuta kwenye kaburi la Dante. Florence ilimfukuza mwaka 1302. Siku hizi kila Septemba inapeleka mafuta ya kuiwasha. Kutoka Ravenna treni ya mkoa ilitufikisha Bologna kabla ya magharibi, na baiskeli tukazirudisha dukani zikiwa na vumbi la delta.

Kwa atakayekwenda: mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba ndio wakati. Agosti joto la bonde lile linakaba hata mtu wa pwani, na Novemba inakuja ukungu ambao huoni gurudumu la mbele. Vyumba vya wawili na kifungua kinywa, kwenye nyumba za wakulima na hoteli ndogo, tulivipata kwa yuro 70 hadi 90. Kahawa inywe ukiwa umesimama kaunta, ukikaa mezani bei inaweza kupanda. Chukua tyubu ya akiba na pampu, kwani vijijini fundi baiskeli naye hufunga mchana.

Na kama mtaichapa barua hii, naomba msiiwekee picha ya mnara wa Pisa. Pisa iko Toscana.

Wako,
Mama Zuhura,
Chumbageni, Tanga